Kalibu ya Risasi: Tundu Lisilotumiwa Nalo ni Ushahidi

Kiswahili huyaita kwa jina moja madini mazito ya rangi ya kijivu na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki: vyote viwili ni risasi. Si ajabu, kwa maana mwenye gobore wa zamani aliyayeyusha madini hayo mwenyewe na kuyamimina katika kalibu. Kalibu za namna hiyo hazijatoweka duniani. Marekani huuzwa dukani kwa wapenda shabaha, na katika sehemu kadhaa za kanda yetu magobore na bunduki za kienyeji zingali zinatengenezwa kwa siri.

Wakazi wa mipakani wana sababu ya kukifahamu chombo hiki, hasa wanunuzi wa vyuma chakavu, wachukuzi wa mizigo ya watu na wavuvi wa Ziwa Kivu. Kwa sura yake hakitishi. Ni vipande viwili vya chuma, shaba nyeupe au alumini vinavyofumbatana, mara nyingi vikiwa na mikono kama ya koleo. Ukivifumbua utaona nusu ya tundu upande huu na nusu upande wa pili. Kalibu nyingine ina tundu moja, nyingine mawili, manne, hata sita. Mvuvi anayejitengenezea chubwi za nyavu zake huenda akawa na kalibu pia, na hilo halina kosa. Tofauti iko katika umbo la tundu: la risasi ni duara kamili kama goroli, au ni mcheduara wenye ncha na mifuo midogo kiunoni, na matundu yote yamechongwa kwa kipimo kimoja.

Hapa ndipo linapozuka jambo linalowapotosha wengi. Mara nyingi si matundu yote yanayotumiwa. Jingine limepata kasoro, au madini yaliyokuwapo yalikuwa machache, au mwenye kalibu alihitaji vidonge vichache tu. Aionaye kalibu ya matundu manne, mawili yakiwa na kutu, huamua kwamba chombo kimeharibika na kukihesabu kuwa chuma chakavu. Kwa mpelelezi, matundu hayo mawili yenye kutu yana thamani sawa na yale yanayong'aa.

Sababu ni kwamba hakuna matundu mawili yanayolingana kabisa, hata yakichongwa siku moja kwa chombo kimoja. Kila tundu lina mikwaruzo yake, nayo hujichapa juu ya kila kidonge kinachotoka humo. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1835, huko Southampton, Uingereza, mtumishi wa nyumba moja alidai kwamba wezi walivamia usiku na kumpiga risasi akiwa kitandani. Henry Goddard, mpelelezi wa Bow Street, London, aliichunguza risasi ile akaona kichunusi kidogo juu yake. Katika kalibu ya mtumishi mwenyewe alikuta kishimo kilicholingana na kichunusi hicho. Uvamizi ulikuwa wa kubuni, na mtumishi akakiri.

Kalibu yenye matundu mengi huongeza habari. Tundu lililotumiwa karibuni huweza kubaki na chembe za madini na masizi. Lililoachwa huweza kubaki na kutu au mafuta ya zamani. Vidonge vikipatikana mahali pengine vikiwa na alama za matundu mawili tu, na ndiyo mawili yaliyotumiwa, ulinganifu huo una uzito. Hata hivyo tusitie chumvi: risasi iliyokwisha kufyatuliwa hubonyea na kupokea alama za mtutu, na si kila mara alama za kalibu zitasomeka. Uchunguzi wa silaha na alama za vyombo hufanywa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai ya Rwanda, hapa Kigali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na kalibu usiisugue wala kuipaka mafuta, wala usichokonoe matundu kwa msumari ili kuona kilichomo. Msumari mmoja hufuta alama zilizodumu miaka mingi. Usiitupe ziwani ukidhani umejiepusha na balaa. Usiyeyushe madini yaliyo kando yake, kwani moshi na vumbi la risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kati ya 2007 na 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Utengenezaji wa silaha na risasi bila kibali umekatazwa na Sheria Na. 56/2018 ya tarehe 13/08/2018 kuhusu silaha, na nchi za kanda yetu zilikubaliana kuudhibiti katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Kujitetea kwamba «natumia tundu moja tu» hakugeuzi kazi ya chombo.

Iache ilipo. Kama umeikuta ndani ya mzigo uliopewa kuuvusha, usiuvushe. Mtafute askari kabla ya kufika kizuizini, na umweleze nani alikupa, wapi na saa ngapi. Kama ni nyumbani au shambani, mjulishe mkuu wa mudugudu au piga 112 bila malipo, kisha uwazuie watoto kusogea mpaka polisi wafike.