Fundi anapoambiwa 'tengeneza', anaelewa nini?

Miaka michache iliyopita mjomba wangu alinunua mashua kuukuu ya mbao katika hori ya Mtwapa. Ndani yake mlikuwa na injini ya dizeli iliyoundwa Uingereza kabla mimi kuzaliwa, na ambayo ilikuwa haijanguruma kwa muda mrefu. Mjomba akamwita fundi mmoja kijana, akamwonyesha injini ile, akamwambia neno moja tu: "Itengeneze." Kijana naye akajibu, "Usijali, mzee."

Injini ilikuwa imeshika, au kama wasemavyo mafundi wetu, 'imenoki'. Kijana akatia spana kwenye nati ya krenki, akairefusha kwa bomba la chuma, wakalivuta watu wawili kwa nguvu zao zote. Injini ikazunguka kweli, lakini kwa mlio wa chuma kukwaruza chuma. Ilipofunguliwa, tuliona ringi za pistoni zimevunjika na silinda imechimbika mfereji.

Lawama zikaanza papo hapo. Mjomba akateta kwamba aliagiza injini itengenezwe, nayo ikaharibiwa. Kijana akashikilia kwamba aliambiwa aitengeneze, na mbona ilizunguka? Mimi niliyesimama pembeni niliona kwamba kila mmoja alikuwa na lake. Kosa la mikono lilikuwa la kijana, sikatai. Lakini kabla ya mikono kukosea, neno lilikuwa limekwisha kukosea.

Kitenzi 'tengeneza' kina mzigo mkubwa. Seremala hutengeneza kiti ambacho jana hakikuwepo. Msusi hutengeneza nywele zilizopo tayari. Fundi wa baiskeli hutengeneza breki iliyokatika. Mama naye hutengeneza chai. Kuunda, kurekebisha, kuandaa na kuweka sawa, yote hayo yamo katika kitenzi kimoja. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Katika karakana muktadha hautoshi.

Haya niliyaelewa vyema siku mjomba alipomleta mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aje aokoe jahazi. Mzee huyo hakugusa spana. Aliuliza kwanza, "Bwana, wataka kuifufua, kuikarabati ama kuitunza?" Mjomba akaduwaa. Mzee akacheka, akasema, "Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina bei yake."

Kufufua ni kuiamsha injini iliyokufa ili izunguke tena. Baharini injini hushika aghalabu kwa sababu hewa ya chumvi huziotesha ringi kutu zikagandamana na ukuta wa silinda. Dawa yake si nguvu. Hutolewa nozeli, ikamiminwa dizeli au oili nyepesi katika kila silinda, kisha ikaachwa siku kadhaa, hata majuma. Baadaye gurudumu zito la injini hutikiswa kidogo mbele, kidogo nyuma, hadi kutu ilegee. "Injini iliyolala yabembelezwa," mzee alisema, "haipigwi."

Kukarabati ni hatua nyingine kabisa. Hapo injini hufumuliwa yote, kila kipande kikatiwa alama ili kirudi pale kilipotoka. Silinda na krenki hupimwa kujua zimelika kiasi gani. Valvu husagwa zikae vizuri, beringi, ringi na gasketi hubadilishwa. Uzuri wa injini nyingi za zamani, kama vile Gardner za Manchester na Kelvin za Glasgow, ni kwamba waliozibuni walitarajia zifunguliwe na kufungwa tena mara nyingi. Hazina kompyuta. Zinahitaji mtu mwenye vipimo na subira.

Kutunza ndiko tunakokudharau. Ni kubadilisha oili kabla haijawa lami, kumwaga maji yaliyotuama chini ya tangi la mafuta, na kukagua ile feni ndogo ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji ya kupoza injini. Ni kufunga vipande vya zinki chini ya chombo ili maji ya chumvi yale zinki kabla ya kula rafadha. Ni kufua maji ngamani, na kuiwasha injini mara kwa mara hata kama hakuna safari.

Anayedhani tofauti hizi ni ubishi wa maneno na aitazame historia ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo iliundwa na kampuni ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilivunjwa vipande, ikatiwa katika makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo ikapelekwa kwa reli upande wa Kigoma. Iliunganishwa huko na kushushwa majini mwaka wa 1915.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipowaelemea Wajerumani, waliamua kuizamisha wenyewe Julai 1916 isije ikatekwa. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi kwa wingi, kila mahali. Fikiria, msomaji. Mtu anaizamisha meli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaitunza. Waingereza walipoiibua mwaka wa 1924, walikuta mitambo yake ya mvuke ingali inafaa. Wakaikarabati, wakaipa jina la Liemba, na mwaka wa 1927 ikarejea kazini. Mitambo hiyo ya mvuke iliendelea kutumika hadi miaka ya 1970, ilipoondolewa na kutiwa injini za dizeli. Hapo pana kutunza, kuibua, kukarabati na kubadilisha. Ukiyaita yote hayo 'kutengeneza', umeifuta hadithi nzima.

Huwasikia wasomi wenzangu wakidai kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi. Wengi wao hawajawahi kukaa karakanani hata nusu saa. Yule mzee alikuwa na parafujo kutoka Kireno, rafadha na ngama za mabaharia wetu wa tangu zamani, na spana, nati na grisi za Kiingereza, zote katika sentensi moja isiyo na kigugumizi. Tatizo si uhaba wa maneno. Ni uvivu wetu wa kutumia neno moja pana pale ambapo lugha imetupa manne.

Uvivu huo hauishii mashuani. Barabara 'inatengenezwa', pampu ya maji ya kijiji 'inatengenezwa', na mwananchi hajui kama kinachofanywa ni kipya, ni kiraka, au ni matunzo yaliyopaswa kufanywa mwaka juzi. Neno lisilo na mipaka humfaa sana mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

Silinda ya mjomba ililazimika kuchongwa na kuvishwa upya, kazi iliyomla karibu pesa alizonunulia mashua yenyewe. Siku hizi injini inanguruma. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na mjomba amejifunza kwa gharama kwamba viliundwa mara moja, ila vinatunzwa kila juma. Kijana yule bado humfanyia kazi. Lakini mjomba akimpigia simu sasa, hasemi tena 'itengeneze'. Husema, "Njoo uitunze," na kijana huja na oili wala si bomba la chuma.