DAWA IITWAYO TRAMADOLI

Someni polepole pamoja nami. Penye neno gumu, mwalimu wenu wa darasa atawasaidia.

Leo tutasoma pakiti ya dawa. Kama nyumbani mna dawa ya maumivu mliyopewa hospitali, tazama juu yake. Tafuta herufi hizi: T, R, A, M, A, D, O, L. Kwa Kiswahili tunasema tramadoli. Pembeni utaona namba, mara nyingi 50, na herufi mg. Hizo ni miligramu, kipimo cha uzito wa dawa.

Dawa hii ilitengenezwa mwaka 1962 na kampuni ya Grünenthal katika Ujerumani ya Magharibi, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977. Ni ya ukoo wa afyuni, ambayo wazee waliiita kasumba. Afyuni ni utomvu wa mmea, na ndani yake hupatikana mofini, dawa kali ya maumivu. Lakini tramadoli haifanani kabisa na mofini. Mofini hufanya kazi kwa kupita mlango mmoja. Tramadoli hupita miwili.

Tuanze na mlango wa kwanza. Ukijikata mguu kwa jembe, habari ya jeraha husafiri katika mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo, kisha mpaka ubongo. Njiani mna mahali padogo sana palipo kama tundu la kufuli. Dawa za ukoo wa afyuni huingia hapo kama ufunguo, na habari ya maumivu hupungua.

Mlango wa pili ni huu. Mishipa ya fahamu hutoa vitu viwili vinavyosaidia kutuliza maumivu, navyo ni serotonini na noradrenalini. Kwa kawaida mishipa huvitoa, kisha huvirudisha ndani upesi. Tramadoli huvizuia visirudi, basi vikakaa nje muda mrefu zaidi.

Sasa tufike kwenye ini, maana hapa ndipo wengi hawajui. Tramadoli yenyewe ni ufunguo dhaifu. Ini huibadili kuwa kitu kingine, na kitu hicho kina nguvu zaidi sana katika tundu lile. Lakini maini ya watu hayaendi mwendo mmoja, tunazaliwa hivyo. Miongoni mwa Wazungu, watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 wana ini lisiloweza badiliko hilo. Hao hupata nafuu ndogo tu. Huko Ethiopia wataalamu walipima wakaona kwamba karibu watu 29 katika kila 100 wana urithi unaofanya ini libadili dawa kwa haraka mno. Mtu wa namna hiyo hupata nguvu kubwa kutoka kwa kidonge kilekile kimoja.

Basi jirani akikuambia, “Chukua kidonge changu, ndugu yangu, kilinisaidia mgongo,” hasemi uwongo. Kilimsaidia yeye. Ini lake silo lako. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 wakuu wa dawa wa Marekani walisema mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe kabisa, na mama anayenyonyesha asiitumie, maana hupita katika maziwa.

Kuna taabu ndogo ambazo wengi huziona: kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, jasho, kufunga choo. Zile kubwa huja kwa milango yote miwili. Kwa mlango wa kwanza, dawa ikizidi, mtu hulala mno na pumzi yake hupungua mpaka huweza kukatika. Pombe na dawa za usingizi huongeza hatari hiyo. Kwa mlango wa pili, mtu huweza kuanguka kifafa, hata kama hajapata kuanguka maishani mwake. Na akiwa anatumia pia dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, serotonini huweza kuzidi: hutetemeka, hupata homa, moyo hupiga mbio.

Mtu mzima asipite miligramu 400 kwa siku nzima. Wazee, na wenye ugonjwa wa ini au figo, hupewa chini ya hapo. Dawa huchukua saa moja hivi kuanza kutuliza. Usiongeze kidonge cha pili kwa kukosa subira.

Katika Afrika ya Magharibi wako wanaoimeza ili wafanye kazi ngumu bila kusikia uchovu. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta ndani ya mizizi ya mti huko kaskazini ya Kameruni. Watu wakastaajabu: je, mti unatengeneza dawa ya kiwandani? Mwaka uliofuata wengine walichunguza tena. Wakulima walikuwa wakiimeza wenyewe na kuwapa ng'ombe wa kulima, nayo ikatoka kwa mkojo, ikaingia udongoni, ikafika mizizini.

Mtu akiitumia muda mrefu, mwili huizoea. Akiacha ghafula hupata jasho, wasiwasi, kuharisha na kukosa usingizi. Vijana huita arosto. Asione haya. Arudi kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.

Ukimkuta mtu amelala haamki, anapumua polepole mno, au ameanguka kifafa, mlaze ubavu. Usimtie kitu kinywani. Mpeleke hospitali upesi, na pakiti ichukuliwe pia. Daktari anayo dawa iitwayo naloksoni, lakini hiyo hufunga mlango wa kwanza tu, kwa hiyo lazima ajue ni kidonge gani kilichomezwa.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: tramadoli, miligramu, ini, pumzi. Kisha, mkifika nyumbani, andikeni jina la kila dawa iliyomo na namba iliyo pembeni yake. Mtaisoma orodha hiyo darasani.