Anayeuguza Naye Ana Mzigo

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe ilipomaliza Mgunda Mkali, pori kavu lenye maji machache ambalo wapagazi walilivuka kwa hofu ya kiu, makazi ya Unyamwezi yaliyoipokea kwanza yalikuwa Tura. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita hapo mwaka 1857, ameeleza kwamba jina hilo lina maana ya kutua, yaani weka chini mzigo wako, kwa kuwa aliyefika hapo, awe ametoka mashariki au magharibi, hakukosa kukaa siku kadhaa kabla ya kuendelea na safari. Wapagazi hao walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, karibu kilo 30, kichwani au begani. Pembe kubwa ya ndovu iliyozidi kiasi hicho haikutwikwa mtu mmoja: ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na wawili.

Tura ya leo ni kituo cha Reli ya Kati katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na watu wa ukanda huo hulima tumbaku, karanga na mahindi, na kurina asali katika miyombo. Misafara imekwisha zamani, lakini mizigo haijaisha. Mtu akishikwa na maradhi mazito katika kijiji cha huko, safari ya familia yake huwa ndefu. Upande wa magharibi iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mjini Tabora, zaidi ya kilometa 100. Upande wa mashariki iko hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Ugonjwa ukizidi uwezo wa huko, huandikwa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, au Benjamin Mkapa, Dodoma, au Dar es Salaam kwenye Muhimbili, na kwa wenye saratani, Ocean Road. Kila hatua huongeza nauli, chakula cha wanaouguza, mahali pa kulala, na shamba linaloachwa. Mwenye tumbaku anajua kwamba majani yaliyokwishaingia kwenye bani hayamsubiri mtu arudi hospitali. Moto lazima ukokwe usiku na mchana.

Tunapozungumza juu ya mgonjwa, macho yote huwa kitandani. Nani anamtazama yule aliyekaa kando ya kitanda? Lugha yetu inamtambua, kwani tunasema fulani anaugua na fulani anauguza, vitenzi viwili vilivyotoka shina moja. Anayeuguza mzazi aliyepooza kwa kiharusi, au mume ambaye figo zake zimeshindwa kazi, au mtoto mwenye selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa, baada ya wiki kadhaa huanza kuonesha dalili zake mwenyewe. Usingizi humtoka hata pale mgonjwa anapolala. Husahau mambo madogo, akaacha chungu motoni. Kichwa na mgongo humuuma, chakula hakina ladha, na hasira humpanda kwa watoto kwa kosa lisilo na uzito. Tena hupita moyoni mwake wazo ambalo hawezi kumwambia mtu: laiti jambo hili lingekwisha, vyovyote litakavyokwisha. Wazo hilo likishapita huona haya mbele ya Mola wake, na haya hiyo humlemea kuliko hata uchovu.

Mtu wa namna hii hufaa aambiwe kwanza kwamba huzuni si upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Subira yake haikuwa kukauka machozi. Ilikuwa kujua ni nani wa kumshitakia. Wale wanaomwambia mama anayeuguza mtoto, "Acha kulia, utamkufuru Mungu," wanamwongezea mzigo ambao dini haikumtwika.

La pili aambiwe kwamba kuuguza ni kazi yenye cheo. Mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina kwa idhini ya Mtume (S.A.W.) ili amuuguze mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Ruqayya alifariki, na habari za ushindi zikafika Madina wakati wa maziko yake. Mtume (S.A.W.) alimhesabu Uthman pamoja na watu wa Badr na akampa fungu lake la ngawira kama aliyekuwa vitani. Basi kijana aliyeacha biashara yake mjini ili amgeuze baba yake kitandani asidhani kwamba wenzake wametangulia na yeye amebaki nyuma.

Hata hivyo, cheo hakiondoi uchovu, na hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Kazi yote huachiwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke: binti ambaye hajaolewa, au mkaza mwana. Jambo hili lisemwe wazi katika kurasa hizi za familia. Wajibu wa kuwatunza wazazi ni wa watoto wao. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba mke si wajibu wake kisheria kuwahudumia wazazi wa mumewe. Akifanya, ni ihsani yake na ana malipo makubwa kwa Mola wake. Mwana anayemwachia mkewe kumwogesha na kumlisha mama mkwe mwaka mzima, huku yeye akiuliza hali kwa simu na kusema "mimi natuma fedha", ametimiza sehemu tu. Hata pembe ya ndovu ilitafutiwa mtu wa pili.

Mfano bora tunao katika maradhi ya mwisho ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alipozidiwa aliwaomba wakeze ruhusa auguzwe katika nyumba moja, kwa Bibi Aisha (R.A.), nao wakaridhia. Alipotaka kutoka kwenda msikitini alishikwa na watu wawili, Abbas na Ali (R.A.). Bibi Aisha akimsomea Suratul Falaq na Suratun Nas na kumpangusa kwa mkono wake mwenyewe Mtume, kwa kutaraji baraka ya mkono huo. Jamaa zake walipomtilia dawa kinywani naye amewaashiria wasifanye, hakupendezwa, akawakemea alipopata nafuu. Humo mna mafunzo ya kila nyumba: mahali pamoja palipokubaliwa na wote, zaidi ya mtu mmoja wa kumshika mgonjwa, dua isiyokatika, na kumsikiliza mgonjwa anapokataa. Mgonjwa bado ni mtu mwenye kauli. Kumlazimisha kila kijiko na kumficha kila habari kwa kisingizio cha mapenzi humfanya mpweke katikati ya jamaa zake.

Njia hiyo ya Tura ina kisa kingine, kichungu kidogo. Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwishoni mwa 1857, yeye na watu wake walishikwa na maradhi, na mwenyeji wake, Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani, alimfanyia ukarimu ambao mgeni huyo aliuandika kwa shukrani. Mwaka uliofuata, safari ya kurudi pwani ilipoanza, mgonjwa akawa mwenzake, John Hanning Speke. Kijijini Hanga, mashariki ya Kazeh na kabla ya kufika Tura, Speke alipatwa na homa na vichomi vikali ambavyo vilijulikana njiani kwa jina la kichomachoma. Aliona majinamizi, akaweweseka, na katika kuweweseka huko akatoa maneno makali dhidi ya Burton, aliyekuwa akimuuguza, malalamiko aliyokuwa ameyaweka moyoni kwa muda mrefu. Speke alipona, lakini urafiki wao haukupona. Baadaye waligombana hadharani, kwa hayo na kwa mengine.

Anayeuguza husikia maneno ya namna hiyo. Baba mpole aliyepata kiharusi humtukana binti anayemlisha. Mama humshitaki mwanawe kwa majirani kwamba anamnyima chakula. Mara nyingine ni ubongo uliojeruhiwa, mara nyingine ni homa, dawa, au maumivu. Si busara kuyapokea maneno hayo kama wasia. Afadhali kutoka nje, kutia udhu, na kumwita mwingine akae naye saa moja.

Lipo jambo zito zaidi katika mikoa yetu ya magharibi, na kulinyamazia ni dhuluma. Maradhi yakidumu bila kuelezeka, wasiwasi wa familia hutafuta mtu wa kulaumiwa. Tabora na Shinyanga zimeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yao mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka 50 jikoni. Familia iliyochoka na kukosa usingizi ndiyo humwamini upesi mpiga ramli. Mbuzi huuzwa, kisha ng'ombe, kisha shamba, na siku ambayo mgonjwa anafikishwa hospitali, ugonjwa umekwisha kukomaa na fedha zimekwisha. Na aliyetajwa kwa ramli huwa ni jirani, shangazi, au bibi mzaa baba. Suratul Hujurat imetuonya juu ya dhana. Kumsomea mgonjwa ruqya ni jambo jema na halimzuii mtu kumeza vidonge vyake. Kumwendea mpiga ramli kuuliza "nani amemroga" ni jambo jingine kabisa, na mwisho wake umeonekana makaburini.

Wageni nao wana adabu zao. Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu ya Waislamu wenzake, lakini wanazuoni wamependekeza ziara iwe fupi. Wageni kumi wanaokaa mpaka adhuhuri wakisubiri chai humfanya mwenye kuuguza awe mpishi juu ya kuwa mwuguzaji. Anayetaka kusaidia aende na ndoo ya maji au kuni, au chakula kilichokwisha kupikwa, au aseme, "Dada, leo usiku nitalala hapa mimi, nenda kapumzike." Imamu wa msikiti na kina mama wa madrasa wanaweza kupanga zamu ya namna hiyo kwa wiki moja bila gharama yoyote.

Wengi pia huhangaishwa na ibada ya mgonjwa. Amewekewa mpira wa mkojo. Je, aache sala? Haachi. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Kisichozuilika katika najisi kimesamehewa. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia badala ya saumu. Ni vema sheikh wa mtaa aje aseme haya mbele ya mgonjwa na jamaa zake, kwani wapo wagonjwa wanaolia usiku kwa hofu ya sala kuliko maumivu.

Kuhusu mali, yazungumzwe mapema. Bima ya afya hukatwa watu wakiwa wazima. Bunge limekwisha kupitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na mkuu wa familia aulize ofisi ya kata au zahanati utaratibu ulivyo kwao. Michango iwe na mtunza fedha mmoja na iandikwe, kwa maana ndugu hugombana zaidi juu ya shilingi zisizoandikwa kuliko juu ya ugonjwa. Daftari hilohilo liandikwe majina ya dawa, saa za kuzitoa, tarehe ya kurudi kliniki na jina la anayelala na mgonjwa kila usiku. Likikaa karibu na kitanda, anayepokea zamu saa nane usiku hana haja ya kumwamsha aliyekwenda kulala. Na mgonjwa mwenye akili zake aulizwe kwa upole kuhusu madeni yake na wasia wake, ambao hauzidi theluthi ya mali. Wagonjwa wengi huwa wamelingojea swali hilo, wakiogopa kulianzisha wao wasije wakawatia watoto wao simanzi.