Core i7 unayo, je mazabodi yako inaiweza?

Wiki hii mapenzi na mitindo ya nywele vikae benchi kidogo, tuongelee kitu ambacho vijana wa mjini tunakinunua kila siku ila hatukijui. Ukikaa kijiweni pale Mukendo, Musoma, lazima utamsikia mshikaji anajitapa: "Mimi mashine yangu ni Core i7, ramu 16." Mwingine anamjibu kuwa ya kwake ina SSD ya nguvu. Mpaka leo sijamsikia mtu anayejitapa kwa mazabodi, wakati hiyo ndiyo iliyobeba prosesa, ramu, diski na kila kitu, na ndiyo inayoilisha umeme hiyo Core i7 tunayoringiana nayo.

Kwa hiyo nikafunga safari. Nimekaa na mafundi wa Musoma, nikashuka Bunda, nikapanda Butiama. Majina ya niliozungumza nao nayahifadhi, lakini mambo yao nayamwaga yote hapa.

TRANSFOMA YA MTAANI

Hebu tuanze na umeme wenyewe. Si unajua ile transfoma iliyoninginia kwenye nguzo mtaani kwenu? Umeme unasafiri kwa maelfu ya volti, ukifika pale unashushwa mpaka volti 230 ndipo unaingia ndani. Transfoma ikiwa ndogo na mtaa mzima ukachomeka pasi saa moja jioni, taa zinaanza kufifia kama kibatari.

Ndani ya kompyuta mchezo ni ule ule. Pawa saplai inashusha 230 mpaka volti 12. Lakini prosesa haili volti 12, ukiipa hizo inakufa hapo hapo. Prosesa za siku hizi zinakula volti 1 na kidogo tu. Anayeshusha kutoka 12 hadi hapo ni kundi la vitu vidogo vilivyojipanga pembeni ya soketi ya prosesa: vimosfeti vyeusi vya bapa, vikoili vya mraba na kapasita za duara. Hiyo ndiyo transfoma ya mtaani ya mazabodi, na ndipo zinapotofautiana bodi ya maana na bodi ya kuzugia.

Sasa sikilizeni hesabu hii maana wengi inawapita. Volti zikishuka, ampea zinapanda. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 230 inavuta ampea 4 na ushee. Chukua prosesa ya Core i5-12400, ambayo kwenye boksi imeandikwa wati 65. Ikikazana inaruhusiwa kufika wati 117. Gawanya kwa volti 1.2 unapata ampea zinazokaribia 98. Yaani vijidude vilivyokaa kwenye eneo lisilozidi kiganja vinapitisha ampea za pasi zaidi ya ishirini! Ama kweli mdharau mwiba.

Huo mzigo haubebwi na mmoja. Umegawanywa kwa zamu, kila koili na mosfeti zake ni kuli mmoja. Ukienda Mwigobero boti inaposhusha mizigo utaelewa: gunia hamsini kwa makuli watatu ni balaa, kwa makuli sita ni kazi ya kawaida. Na joto lenyewe halishuki kiungwana. Kuli akipunguziwa mzigo nusu, joto lake kwenye waya linashuka mpaka robo. Ndiyo maana bodi ya njia sita inakaa imepoa wakati ya njia tatu unaweza kuikaangia yai.

Hapo kuna ujanja wa wafanyabiashara, muwe macho. Kuna bodi imebandikwa koili nyingi ili ionekane ina misuli, kumbe koili mbili zinatumikia njia moja. Pia si koili zote ni za prosesa, nyingine ni za ramu au za upande wa picha. Kuhesabu koili peke yake hakutoshi. Tazama kama mosfeti zimevalishwa bati la kupoozea. Tazama pia plagi ya umeme wa prosesa kule juu, kama ni ya pini 4 au 8. Ile ya 4 ina nyaya mbili tu za volti 12, ya 8 ina nne.

KIJANA WA MUSOMA NA i7 YAKE

Nilikutana na kijana mmoja wa Musoma anayehariri video za harusi na kipaimara. Alijichanga, akanunua Core i7-12700, prosesa ambayo kwenye boksi ni wati 65 lakini kikomo chake ni 180. Baada ya hapo mfuko ukawa mweupe, akaichomeka kwenye bodi ya bei chee ya H610 isiyo na hata kipande cha bati kwenye mosfeti.

Dakika za kwanza mashine inakimbia kama daladala inayowahi abiria. Baadaye inachoka. Kazi iliyotakiwa kuisha usiku inamkuta asubuhi, na bibi harusi anapiga simu. Jamaa akadhani ana virusi, akapiga Windows mara mbili, hamna kitu. Fundi alipokuja hakugusa Windows. Alifungua ubavu wa kesi akaelekeza feni ya mezani kwenye mosfeti, mashine ikaamka. Mosfeti zilikuwa zinachemka, na bodi zikichemka zinajiokoa kwa kuiminya prosesa. Hiyo i7 inaweza kupanda hadi gigahezi 4.9, lakini mwendo wake wa chini uliohakikishwa ni 2.1 tu. Ukiiweka kwenye bodi dhaifu umenunua gari la mbio ukaliendesha gia ya pili.

Mimi maoni yangu ni haya, na wauza duka mnisamehe: kwa kazi ya video ni heri i5-12400 kwenye B660 au B760 yenye mabati kuliko i7 kwenye H610 iliyo uchi. Kwa wale wa AMD, Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65 na kikomo chake ni 88, hivyo bodi ya kawaida ya A520 inaibeba bila kelele. B550 inakuongezea nafasi ya vifaa vya kasi na uwezo wa kuongeza mwendo wa prosesa. Ila angalieni, hiyo 5600 haina picha ndani yake, bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi. Yenye herufi G ndiyo ina picha. Kwa Intel ni kinyume chake, yenye herufi F mwishoni ndiyo haina. Kuna watu wamegombana na wauzaji kwa herufi moja tu.

BUNDA: KITU NA BOKSI AU MTUMBA?

Bunda kuna dada ana steshenari karibu na barabara kuu ya Mwanza - Musoma. Anatoa kopi, anachapa barua, anajazia vijana fomu za mikopo ya chuo na maombi ya ajira. Huyu dada analea wadogo zake wawili kwa hiyo mashine moja. Katikati ya msimu wa fomu, mashine ikaanza vituko: inawaka, inazima, ukituma kazi kwenye printa inajizima kabisa. Foleni ya wateja ikahamia jirani.

Fundi alipofungua akakuta kapasita nne karibu na prosesa zimevimba vichwa kama maandazi. Hizi ni zile zenye majimaji ndani, utazijua kwa alama ya msalaba iliyochongwa juu. Zilizo ngumu, zisizo na majimaji, kichwa chake ni bapa kitupu. Ugonjwa huu si mgeni duniani, kati ya 1999 na 2007 hivi kapasita mbovu ziliua mashine kibao, zikiwemo Dell OptiPlex GX270 zilizojaa maofisini. Lakini hata kapasita nzima ina umri. Nyingi za bei rahisi zimepimwa kudumu saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Kila joto likipungua nyuzi 10, umri unakuwa mara mbili. Kwenye nyuzi 85 ni saa 8,000, kwenye 65 ni saa 32,000. Dada anafanya kazi saa 10 kwa siku. Piga mwenyewe: kesi iliyojaa vumbi la Bunda inampa miaka miwili na kitu, kesi iliyosafishwa ikapoa inamkaribisha miaka tisa. Ndugu zangu wa Musoma, kwenu kuna na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu jioni na kuziba feni. Brashi ya rangi ya kuta ni dawa tosha.

Basi dada akawa na njia tatu. Kubadili kapasita, ambayo ni rahisi, ila bodi ilishaanza kuungua rangi pembeni. Kununua H81 mpya ya Kichina isiyo na jina, kitu na boksi, inanukia upya. Au kuchukua B85 ya mtumba yenye jina. Prosesa yake ni Core i5-4590 ya wati 84, na zote mbili zinaipokea.

Kizazi hicho cha prosesa bodi hukipelekea volti kama 1.8, kinamalizia kushusha chenyewe ndani kwa ndani. Ina maana ampea kama 47. Ile H81 mpya ilikuwa na njia tatu, mosfeti hazina bati, na nafasi mbili tu za ramu, kikomo gigabaiti 16. Chipseti ya H81 yenyewe ni ya 2013, kwa hiyo upya wa bodi uko kwenye boksi zaidi kuliko kwenye moyo wake. B85 ya mtumba ilikuwa na njia nne, kapasita ngumu, nafasi nne za ramu mpaka gigabaiti 32, na USB 3.0 nne badala ya mbili. Kwa mwenye steshenari anayepokea flashi za watu kutwa nzima, hizo USB ni mkate.

Akatokea na mjanja mmoja stendi, akataka kumuuzia bodi iliyotolewa kwenye HP EliteDesk 800 G1, bei ya kutupa. Fundi akapiga stop. Bodi hiyo inakula umeme kwa plagi ya pini 6 ya HP wenyewe, na Dell OptiPlex 9020 ina ya kwake ya pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. Hata matundu ya skrubu hayakutani na kesi ya kawaida. Ukiipenda, nunua mashine nzima.

Dada alichukua mtumba. Fundi alimsisitizia jambo jingine ambalo hakuna mazabodi inayoliweza: radi. Kanda yetu ya ziwa radi zake mnazijua. Stabilaiza na UPS vinasaidia umeme unapoyumba, lakini radi ikipiga karibu, usalama ni kuchomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa mtandao, kwa sababu radi huingia hata huko.

BUTIAMA KWA MWALIMU

Kutoka Makutano niliingia Butiama, kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa 1999. Siku hizi jina lake liko hata kwenye umeme, lile bwawa la Rufiji la megawati 2,115 linaitwa Julius Nyerere. Lakini kijana niliyemfuata kwao hawajaunganishwa gridi, wanatumia sola. Swali lake lilikuwa kinyume na la wenzake wote: bodi gani inakula kidogo?

Betri yao ni ya volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1,200, na kwa betri ya maji usiivute zaidi ya nusu, itakufa mapema. Zinabaki 600. Kesi kubwa ya mezani pamoja na skrini ikila wati 80, ni saa saba na nusu kwenye karatasi, na ukitoa kinachopotelea kwenye inveta unabaki na sita hivi. Wakati huo huo nyumbani wanataka taa na kuchaji simu.

Alichopata ni OptiPlex 9020 ile ndogo kama kitabu kinene. Prosesa yake ni i5-4590T, herufi T ikimaanisha imebanwa wati 35 badala ya 84, na inalishwa na chaja kama ya laptopu. Njia za umeme kwenye bodi yake ni chache, ila kwa mzigo huo zinatosha kabisa, ndiyo sababu nasema usimcheke mtu mwenye bodi ndogo kabla hujaijua prosesa yake. Pamoja na skrini ya inchi 19, kwenye kazi ya kuandika inavuta wati kama 40, anakwenda saa kumi na mbili. Anaandika miradi ya shule ya jirani na kupanga vitabu vya mahesabu vya kikundi cha akina mama, analipwa.

Kilio chake ni kimoja. Bodi hiyo haina nafasi ya kadi ya picha, kwa hiyo gemu kubwa la mpira halichezeki. Jumamosi anapanda bodaboda mpaka Kiabakari kwa binamu yake, wanacheza huko hadi giza.