Mbwa Akikung'ata, Achana na Jiwe

Kila likizo inapokaribia, vijana hunitafuta wakitaka kujitolea kwenye makao ya mbwa na paka wasio na wenyewe. Jambo jema. Kisha hufuata swali lilelile: "Daktari, nikiumwa, jiwe la nyoka litatosha?" Halitoshi. Halisaidii hata chembe.

Hilo jiwe lenyewe ni kipande cha mfupa kilichochomwa hadi kikawa cheusi, kimejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kikigusa kidonda kibichi hunyonya majimaji na kung'ang'ania ngozi. Kikishalowa chepechepe, huanguka. Hapo ndipo mwenye jiwe hutangaza kuwa sumu imekwisha. Kigae kikavu cha chungu nacho hunata ulimini, na hakuna sumu iliyovutwa.

Tena kichaa cha mbwa si sumu. Ni kirusi kinachokaa kwenye mate ya mbwa mgonjwa. Huingia kwenye nyama, kikashika mshipa wa fahamu na kuupanda polepole hadi kwenye ubongo. Jiwe lililobandikwa juu ya ngozi litakifuata wapi?

"Mbona mjomba aliwekewa akapona?" Kwa sababu, yaelekea, mbwa aliyemuuma hakuwa na kichaa. Mjomba angepona hata angebandikwa kifungo cha shati. Na yule aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa? Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya mwezi 1 hadi 3, mara chache hata mwaka na zaidi. Kufikia hapo jiwe limesharudi kabatini, na majirani wanasema karogwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayenusurika. Tangu Louis Pasteur amchanje mtoto Joseph Meister mwaka 1885 kinga ipo, na bado ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Sasa nieleze kwa nini nisikasirike.

Haya, ya kufanya. Kabla hujaanza kazi, pata chanjo ya kichaa cha mbwa, dozi 2 zikipishana siku 7, na ya pepopunda. Ukiumwa, osha kidonda: bomba, sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia; sabuni huvunja ganda la mafuta la kirusi. Pilipili na mafuta ya taa viache jikoni. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulichanjwa, maana bado utahitaji dozi za nyongeza. Kama hukuchanjwa na damu imetoka, uliza pia sindano ya kingamwili. Zile sindano za tumboni zilishapitwa na wakati; siku hizi ni mkononi. Mbwa akiwa anaonekana mzima asiuawe, afungiwe na kuangaliwa siku 10, ila wewe usizisubiri ndipo uende. Na mkwaruzo wa mtoto wa mbwa nao unahesabika. Usiufiche kwa kuogopa kwamba msimamizi atakuzuia kurudi Jumamosi.