Shauri la Mtoto Linapokwama kwenye Nauli

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliandikwa kwa kumjali mtoto kweli. Ilianzisha Mahakama ya Watoto Tanzania Bara chini ya hakimu mkazi, ikaagiza mashauri yasikilizwe faraghani, bila ukali wa taratibu za mahakama za kawaida, afisa ustawi wa jamii akiwapo, na mtoto mwenyewe apewe nafasi ya kueleza yaliyo moyoni. Kwa maandishi, sina la kulalamikia.

Ugumu huanzia nje ya chumba cha mahakama. Hakimu hawezi kuamua kama mtoto arudi kwa mama, akae kwa shangazi au apelekwe kwa familia ya kuaminika mpaka apate taarifa ya ustawi, na taarifa ya maana haiandikwi ofisini. Afisa lazima afike nyumbani, aone mtoto analala wapi, azungumze na bibi, mwalimu na mwenyekiti wa kitongoji. Mara nyingine hulazimika kurudi tena, kwa kuwa safari ya kwanza baba alikuwepo na hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Afisa huyohuyo ana madai ya matunzo mezani, migogoro ya ndoa na wazee wasio na msaada, na gari akilihitaji aliombe idara nyingine. Taarifa ikichelewa, shauri hupigwa kalenda.

Kwenye jalada, kuahirishwa ni mstari mmoja. Kwa bibi aliyetoka kijijini na wajukuu wake, ni nauli ya kwenda na kurudi iliyoliwa bure na siku ya kibarua iliyopotea. Akiahirishiwa tena na tena, haji. Asipokuja, anayebaki na uwezo wa kufika mahakamani huwa ni yule anayelalamikiwa. Ndipo wazee wa ukoo hukaa, fidia ikalipwa, mtoto akarudishwa palepale alipoumizwa. Wengi huilaumu mila. Mimi naulaumu zaidi umbali, maana kikao cha ukoo hakidai nauli.

MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017/18, ulilenga kupunguza ukatili huo kwa asilimia 50 ifikapo 2022, ukaweka kamati za ulinzi hadi vijijini na mitaani. Simu ya bure namba 116 nayo inapokea taarifa za ukatili. Hatua hizo ni njema, nazitetea. Lakini kila mzazi anayehamasika kuripoti anaongeza jalada kwenye meza ya afisa yuleyule asiye na mafuta ya pikipiki.

Madiwani wanapopitisha bajeti wasiishie kuuliza semina ngapi zimefanyika. Waulize mashauri mangapi ya watoto yameahirishwa kwa kukosa taarifa ya ustawi, na fungu la usafiri wa afisa huyo ni kiasi gani. Nauli ya mtoto na mlezi wake iingizwe kwenye fungu hilohilo.