Kijana wa Maabara Asiyetajwa Jina

Katika toleo la Mei 1969 la jarida la Kiingereza liitwalo Physics Education mna makala ya kurasa nne, ukurasa wa 172 hadi wa 175, iliyobeba majina ya watu wawili: Erasto Mpemba, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na katika nusu ya pili ya makala hiyo, ile iliyoandikwa na Osborne, yumo mtu wa tatu, ambaye hupita mbele ya macho ya msomaji kwa mistari michache tu, akatamka neno moja, kisha akatoweka bila kuachiwa hata herufi ya kwanza ya jina lake.

Mtu huyo ni fundi wa maabara. Makala haimwelezi zaidi ya kuwa alikuwa kijana, kwamba aliagizwa ahakikishe kama kweli maji ya moto huganda kabla ya maji yaliyopoa, na kwamba alirudi na habari ya kuwa naam, yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Ila akaongeza ya kuwa wao watazidi kulirudia jaribio lile mpaka walipate jibu lililo sahihi. Osborne aliisimulia kauli hiyo kwa mzaha mwema, akiihesabu kuwa ni shauku iliyomtoka kijana nje ya adabu za sayansi, na tangu hapo imekuwa ikisimuliwa tena na tena popote habari ya Mpemba inaposimuliwa kwa urefu, wasikilizaji wakacheka, mimi nikiwa miongoni mwao.

Kisa chenyewe hakihitaji kurefushwa kwa msomaji wa Kitanzania. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, Mpemba akiwa kidato cha tatu aliona nafasi ya jokofu inakwisha, akatia humo maziwa yake ya askirimu yangali ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaibeza hoja yake kuwa ni fizikia ya Mpemba na si ya ulimwengu, wanafunzi wakaifanya dhihaka ya darasa. Osborne alipokwenda Mkwawa kuzungumza, kijana akauliza swali lilelile mbele ya kadamnasi, wenzake wakaangua kicheko, na yule mgeni, ambaye stahili yake ya sifa haina budi kutamkwa hapa, hakucheka pamoja nao bali alilichukua swali akarudi nalo Dar es Salaam.

Na aliporudi nalo alimpa nani? Hilo ndilo lililonikera.

Kilima cha Chuo Kikuu, ambako chuo kilihamia mwaka 1964 kutoka jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kinaitazama Mwenge kwa karibu hata wanafunzi huteremka kwa miguu kuja kuchapisha kazi zao katika steshenari za huku. Katika mojawapo ya steshenari hizo, nyuma ya mabanda ya wachonga vinyago, palipo na vumbi la mpingo na mngurumo wa msasa wa umeme usiokoma mpaka magharibi, nilimkuta mzee akichapishiwa kurasa za mwandiko wa mkono wa Kiingereza cha kale, uliokwaruzwa na kukatwakatwa hata nikadhani ni hati ya shamba lenye mgogoro. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na nilipouliza ni kesi gani hiyo akacheka kwa muda mrefu.

"Hii ni daftari ya kazi ya Robert Boyle, mwanangu," akasema. "Mwanasayansi wa Uingereza wa miaka mia tatu na zaidi iliyopita. Lakini tazama vizuri: huu si mwandiko wake. Ni wa makarani wake. Yeye alisema, wao wakaandika."

Ameomba jina lake nisilitaje, nami nimekubali, ingawa kwa habari ya namna hii ni kejeli isiyofichika. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi sanifu wa maabara katika shule za sekondari, mwenye kuosha bika, kupima tindikali, kupanga meza za praktiko kabla ya alfajiri ya siku ya mtihani na kuwapisha walimu waingie. Katika maabara ya Mlimani, yaani ya Chuo Kikuu, hakupata kufanya kazi. Baada ya kustaafu alirithi kompyuta mpakato ya bintiye, na kwa bando analolinunua kwa tahadhari ya mtu anayehesabu LUKU, amejifungulia milango ambayo katika ujana wake ilifunguka kwa mwenye pasipoti na barua ya utambulisho tu. Amesoma juzuu za kale za Royal Society ya London, ambayo jarida lake lilianza mwaka 1665 na ambayo mwaka 2011 iliziweka wazi kwa umma makala zake zilizopita umri wa miaka 70. Ameingia katika maktaba ya kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014, humo akaziona hati za Kiarabu za falaki na hisabati, nazo kwa kuwa alisoma madrasa utotoni anaweza kuzifuatisha kwa kidole, walau vichwa vya habari. Amepekua Biodiversity Heritage Library kwa ajili ya mimea ya Usambara. Yote hayo bila malipo ila ya bando.

"Ni neema," aliniambia, "wala sitaki nionekane mkosefu wa shukrani. Lakini kila mlango nilioufungua nilitafuta watu wa kazi yangu. Kitafutio kinataka jina. Ukikipa jina la Boyle kinakuletea mzigo. Ukikipa jina la Hooke, aliyemtengenezea Boyle pampu ya hewa, kinakuletea pia, kwa sababu Hooke baadaye alikuwa mkubwa. Sasa yule aliyekuwa akiisukuma pampu, mimi nikipe jina gani?"

Swali hilo si lake peke yake. Mwanahistoria Steven Shapin aliandika mwaka 1989 makala mashuhuri juu ya mafundi wasioonekana wa maabara ya Boyle, watu waliotenda majaribio kwa mikono yao na kutajwa aghalabu pale tu jambo lilipoharibika. Mzee aliisoma, akaipenda, kisha akafanya ambalo Shapin hakuwa na sababu ya kulifanya: akaigeuzia macho makala ya Mpemba na Osborne, akaisoma kama fundi.

Hapa naomba msomaji anistahimilie, maana ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Makala inaeleza kwamba maji ya ujazo wa sentimita za ujazo 70 yalitiwa katika bika za ujazo wa 100, zikawekwa ndani ya chumba cha barafu cha jokofu la kawaida la nyumbani, juu ya kipande cha povu gumu la plastiki lisilopitisha joto. Mimi nilipita juu ya povu lile nisilione. Mzee aliligonga kwa kalamu. Jokofu la zama zile, akasema, lilijaa theluji sakafuni. Bika ya moto ukiiweka juu ya theluji huiyeyusha, ikazama, ikagusana na bati la chini lenye baridi kali, na hapo itaganda upesi kwa sababu isiyohusiana na maji yenyewe, ilhali bika ya baridi imekaa juu ya theluji kama iliyokaa juu ya godoro. Basi aliyetandika povu alikuwa ameuona mtego huo akauziba. Ni nani aliyeuona kwanza, profesa mezani pake au kijana aliyefungua mlango akaikuta bika imezama? Makala imeandikwa kwa namna ambayo vitu hutendeka bila mtendaji.

Kisha uko mchoro. Unaonyesha muda uliopita kabla maji hayajaanza kuganda, kwa kila kiwango cha joto la kuanzia, na muda mrefu kupita wote ni wa maji yaliyoanza katika nyuzi 25 hivi, ilhali yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalianza kuganda mapema mno. Wakaonyesha pia ya kwamba kupungua kwa maji kwa mvuke hakutoshi kulieleza jambo hilo, wala hewa iliyoyeyuka majini, na kwamba sehemu kubwa ya joto ilitokea juu, penye uso wa maji. "Kila nukta ya mchoro huu," Mzee akasema, "ni mtu amechemsha, amepima, amefunga mlango wa jokofu, amekaa na saa. Na jokofu halipendi kufunguliwafunguliwa. Nukta moja ikikataa, unaanza upya. Nani alikaa?"

Nikamkumbusha ile kauli ya mzaha, ya kuwa watarudia mpaka wapate jibu sahihi, maana kwa kweli ndiyo iliyonifanya nimdharau yule kijana tangu siku nilipoisoma. Mzee alinyamaza kidogo, akaondoa miwani.

"Wewe umesoma sayansi sekondari?"

"Nimesoma, Mzee."

"Umepata kupika matokeo?"

Nikakiri, kama atakavyokiri kila aliyefanya praktiko katika nchi hii.

"Basi unajua mpishi anavyofanya. Mpishi harudii. Mpishi anajua kitabu kinataka nini, anaandika hicho, anakwenda zake kula. Huyu kijana angetaka kupika angepika siku ile ile ya kwanza: angemwambia profesa, ya baridi yameganda kwanza, kama vitabu vyote vinavyosema, na profesa angeamini, na Mpemba angekuwa kichekesho mpaka leo. Hakusema hivyo. Alipeleka habari asiyoiamini yeye mwenyewe. Aliandika alichokiona, kisha akasema nitarudia. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, nikwambie, huo ndio uaminifu wa kazi. Wanamcheka kwa maneno ya mdomoni, na kwenye karatasi aliandika kweli."

Sina uhakika kwamba hoja hii imenitosha kabisa. Mtu anayerudia akiwa amekwisha kuazimia jibu yu hatarini, awe mwaminifu namna gani. Siku maji ya baridi yatakapotangulia kwa bahati ataacha kurudia, akidhani amefika. Nilimwambia hivyo, naye hakukataa. Alisema tu ya kuwa hatari hiyo haikuanza kwa mafundi wala haiishii kwao, akanionyesha makala ya mwaka 2016 ya Burridge na Linden, waliolipima jambo hili Uingereza wakasema hawakuona ushahidi wa maana wa kulithibitisha, na kuwa kukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kwatosha kuleta tofauti inayodhaniwa kuwa ndiyo ajabu ya Mpemba. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada wakajibu kwa njia nyingine, si kwa maji ya jokofu bali kwa punje za silika zisizoonekana kwa jicho, zinazoongozwa kwa miale ya leza, na huko athari ile ikadhihirika waziwazi. Mjadala haujafungwa. Chama cha wanakemia cha Uingereza kilipotangaza mwaka 2012 zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya ajabu hiyo, yalikuja majibu zaidi ya 22,000 kutoka pembe zote za dunia; Mzee anasema hajasikia hata mmoja aliyeuliza kipimajoto cha Mlimani kilisimama wapi ndani ya bika, na mwenye kujua hilo alikuwa mtu mmoja.

Wako mafundi wa Afrika Mashariki waliopata jina lao, japo kwa kuchelewa. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa mifupa ya Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, alitajwa na Wajerumani wenyewe katika maandiko yao, na mwaka 2007 mnyama mmoja wa kale wa huko akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kamoya Kimeu wa Kenya, mtafutaji mwingine wa mifupa ya kale, aliishi kuona sifa yake. Lakini hao waliokota vitu ambavyo leo vimesimama katika majumba ya makumbusho. Fundi wa Mlimani alichokitengeneza ni barafu.

Kinachotakikana, kwa maoni ya Mzee, hakimo mtandaoni, na hakimo kwa sababu hakuna aliyedhani ni historia: daftari za maabara, vitabu vya kuagizia vifaa, orodha za mishahara za chuo kabla ya 1970, picha za wafanyakazi mbele ya jengo la sayansi. Taasisi zinapopiga picha nyaraka zao huanza na barua za wakubwa na vitabu vilivyochapwa, nazo zina haki ya kuanza nazo, maana fedha ni haba. Orodha ya mishahara hungoja, na mchwa hangoji. Nilimuuliza kwa nini asiende mwenyewe Mlimani, ni mwendo wa daladala moja, akauliza kwenye idara. Akajibu ya kuwa amekwisha andika barua, kwa mkono, na amefundishwa na bintiye kuigeuza kuwa barua pepe, lakini hajaituma.

"Nitauliza nini? Naomba jina la mtu aliyechekwa?"

Nikasema pengine mwenyewe hataki kupatikana. Kauli moja ya ujana, iliyosemwa koridoni, imemfuata miaka zaidi ya hamsini, na heri yake ni kwamba hakuna ajuaye ni yake.

"Tumpate kwanza," Mzee akasema, "halafu tumuulize yeye."

Akamlipa kijana wa steshenari, akazipanga kurasa za Boyle ndani ya bahasha ya kaki, akaniagiza niandike katika gazeti kwamba kama yuko mtu aliyefanya kazi katika maabara ya fizikia ya Mlimani kabla ya 1970, au mwenye mzazi aliyefanya kazi huko, na anakumbuka jokofu, basi asiidharau kumbukumbu hiyo. Kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, kama yu hai, leo yu karibu na themanini au amezipita.